Naomba ushauri: wanafunzi wenye pesa wananishinda, na buletini (ripoti za alama) ziko karibu

Jambo wazazi na walimu wenzangu. Ninafundisha humanite, yaani sekondari, katika shule moja ya jina kubwa hapa Lubumbashi. Zamani mtoto akivaa bluu na nyeupe ya shule hii, mtaa mzima ulimheshimu. Siku hizi mwalimu akiingia darasani, hawasimami. Wanamrekodi kwa simu akisahihisha, kisha wanamcheka kwenye WhatsApp.

Wiki iliyopita nilimnyang'anya kijana simu. Akaniambia mbele ya wenzake: "Baba yangu ndiye anakulipa." Liliniuma, maana kwa sehemu ni kweli. Mshahara wa serikali hautoshi, tunaishi kwa prime, yaani nyongeza inayotoka kwa wazazi. Watoto wamelielewa hilo, na prefe, mkuu wa shule, naye anaogopa kumpoteza mzazi mkubwa.

Siwalaumu watoto peke yao. Wengi baba zao wako kwenye migodi ya Kolwezi, wanarudi nyumbani mara chache na kuacha dola badala ya maongezi. Huyu kijana ana akili sana, hesabu anaiweza kuliko wote. Ndiyo sababu nasikitika.

Sasa nifanye nini? Kwenye buletini kuna alama ya mwenendo. Nimwandikie ukweli, hata kama prefe ataniomba nibadilishe? Ama nimtafute kwanza mama yake, tuongee faraghani? Kwa wale mliopita humo: mzazi wa namna hii mlimwendea vipi bila kumfanya adui?