Mashine ya kufulia ya zamani ya kufungulia juu inajaza maji tu, haifui. Taima imekufa?

mama_mashuka_kgm
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa anayezijua hizi mashine za zamani. Mi nipo Kigoma, Mwanga, nina gesti ya vyumba tisa, mashuka nilikuwa nafulisha kwa mkono ila masika yanachelewa kukauka mpaka mgeni anafika shuka bado ina ubichi, ndo nikanunua mashine kwa familia moja ya wageni waliokuwa wanahama. Ni ya Kimarekani, ya kufungulia juu, haina skrini wala nini, ina nobu moja kubwa unaizungusha mpaka kwenye kufua alafu unaivuta inawaka, na nobu ndogo ya kuchagua maji kidogo au mengi. Imekuja na transfoma yake.

Kwao niliiona inafanya kazi vizuri kabisa, ilijaa ikafua ikakamua. Kwangu nimeiunga na simtanki lililo juu ya stendi, maji yanaingia pole pole kama nusu saa na zaidi, nobu haisogei hata kidogo, maji yakafika karibu na mdomo nikaogopa nikafunga koki. Ule mnara wa katikati unaotikisa nguo haujasogea. Fundi aliyekuja kasema taima imekufa maana haitembei, niagize nyingine, na bei aliyotaja inakaribia nusu ya niliyonunulia mashine nzima. Kweli ni taima? Naumia sana maana hela ndo imeishia hapo.

kibirizi_boy
Pole dada. Taima hiyo, kama nobu haitembei ni taima, hamna kingine. Ila usinunue, mwambie fundi aunganishe waya moja kwa moja kwenye mota iwe inafua, ukitaka kukamua unabadilisha waya. Huku kuna watu wanafanya hivyo.

fundi_isevya
Tafadhali dada usiguse waya na usinunue taima bado. Mi nipo Tabora, mashine nimetengeneza miaka mingi, na hizi nazipenda kuliko za sasa maana hazikufichi kitu, ukizisikiliza zinakwambia ziko wapi.

Taima ya hizo mashine siyo saa ya ukutani. Ndani kuna kimota kidogo sana kinazungusha mhimili wenye vipande vya plastiki vyenye mabonde na vilima, juu yake zimelala shaba nyembamba, kilima kikipita shaba inanyanyuka inagusa nyenzake umeme unaenda kwenye valvu, ile koki ya umeme inayoingiza maji, bonde likipita inaachia, kingine kinapeleka umeme kwenye mota ya kufua, kingine kwenye kukamua, ivo ivo mpaka mwisho. Ndo ile tak unayoisikia kila baada ya dakika kadhaa.

Sasa kwenye nyingi ya hizi zenye nobu ya kuchagua kiwango cha maji, wakati wa kujaza kimota cha taima HAKIPEWI UMEME. Taima inasimama makusudi, inasubiri maji, iwe dakika tano iwe saa nzima. Anayeiruhusu iendelee ni swichi ya presha, iko nyuma ya hiyo nobu ndogo. Chini ya pipa la nje kuna kichumba kidogo cha hewa, kutoka hapo mpira mwembamba unapanda mpaka kwenye hiyo swichi. Maji yakipanda yanaibana hewa kwenye mpira, hewa inasukuma ngozi nyembamba ya mpira iliyo ndani ya swichi, inalia tak, inakata umeme wa valvu inahamishia kwenye mota na kwenye taima. Hapo ndo mnara unaanza kutikisa nguo na nobu inaanza kutembea.

Kwa hiyo nobu kusimama wakati maji yanajaa siyo ugonjwa. Ugonjwa ni maji kufika mdomoni bila swichi kuhama. Jaribu hivi. Mwaga maji YOTE, usibakize, ili hewa irudi kwenye kile kichumba. Weka nobu ndogo kwenye maji kidogo, iwashe kwenye kufua, alafu mimina maji kwa ndoo juu haraka haraka, za lita 20 tatu hivi. Sikiliza kama kuna tak. Uje utuambie.

Na wewe kijana wa Kibirizi, nakuomba usimshauri mtu hivyo. Ukiunga mota moja kwa moja umeiondoa swichi ya mfuniko pia, ile inayosimamisha mashine mfuniko ukifunguliwa, pipa likiwa linakamua mtoto akiingiza mkono unakatika. Nimeshaona mkono umeumia, sitaki kuona tena.

kibirizi_boy
Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Sikujua kama taima inasubiri maji, hilo ni jipya kwangu. Dada samahani.

hezi50
Fundi kaeleza vizuri, naongezea upande wa maji na umeme maana vyote vitamsumbua hata akipona.

Maji: simtanki likiwa mita 3 juu ya mashine linakupa presha ya bar 0.3 tu, kila mita moja ni kama bar 0.1. Valvu za mashine za Kimarekani zimetengenezwa kwa presha ya kuanzia psi 20 hivi, hiyo ni karibu bar 1.4, yani tanki liwe mita 14 juu. Presha ikiwa ndogo maji yanaingia kwa shida, na valvu inaweza isifunge vizuri ikabaki inadondosha kwa sababu ni maji yenyewe yanayosaidia kuibana ifunge. Kapampu kadogo kati ya tanki na mashine kanamaliza hilo, au endelea na ndoo, mashine haijali maji yameingilia wapi.

Umeme: transfoma inashusha volti kuwa 110 au 120 lakini haibadilishi hezi, yani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni hezi 60, sisi 50. Kimota cha taima kinafuata hezi, kwa hiyo kila kitu kinarefuka, palipoandikwa dakika 14 utapata karibu 17. Mota kubwa nayo, kama imeandikwa mizunguko 1725 kwa dakika huku itakimbia kama 1440, pipa lililokuwa likamue kwa 600 litakamua kwa 500, nguo zitatoka na maji zaidi kidogo. Usihangaike kutafuta ubovu hapo. Ila mota ya hezi 60 kwenye hezi 50 inachemka zaidi, kama transfoma yako ina tundu la volti 100 tumia hilo badala ya 120. Na iwe kubwa, watti 2000 mpaka 3000, maana mota ikianza inavuta umeme mwingi mno.

mama_mashuka_kgm
Mzee shikamoo, na asanteni wote. Nimefanya leo asubuhi. Nikamwaga yote, nikamimina ndoo, ya tatu ilipokuwa inaisha nikasikia TAK kubwa alafu mnara ukaanza kutikisa, jamani nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka nje. Nobu ikaanza kutembea.

Ila baada ya kama dakika sita ikasimama, mnara ukatulia, na maji ya koki yakaanza kuingia tena wakati mule ndani yamejaa. Nikazima. Hapo ndo sielewi.

fundi_isevya
Marahaba mwanangu, basi umeshamkamata. Taima yako ni nzima, mota nzima, swichi nzima. Hewa inavuja.

Ulipomimina haraka, hewa ilibanwa kabla haijatoroka, swichi ikahama. Baadaye ikavuja kidogo kidogo, ngozi ikarudi, swichi ikadhani pipa halina maji ikafungua valvu. Kwa wale wageni maji yalikuwa ya bomba la presha, pipa lilijaa upesi na labda mpira ulikuwa haujachoka hivi, kwako nusu saa nzima hewa inapotea huku maji yanapanda. Ndo maana hata yalipofika mdomoni haikuhama.

Chomoa waya ukutani kwanza. Fungua sehemu ya nobu, tafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda chini. Tazama ncha zote mbili, ndo zinapasuka, na kuhamisha mashine kunazivuta. Kama umepasuka nchani kata kipande kidogo urudishie pazima. Ukitaka kuhakikisha swichi, puliza kwenye tundu lake taratibu kwa mdomo, taratibu kabisa usije ukachana ngozi, utasikia tak, ukiachia tak tena. Na kile kichumba cha chini kioshe kwa maji ya moto, utelezi wa sabuni unajaa mle.

mwalimu_ujiji
Nami nauliza, ikimaliza kufua inakamua huku imejaa maji au inamwaga kwanza? Ya jirani yangu inamwaga pipa limetulia, inanyamaza, alafu ndo inazunguka, akadhani imeharibika.

fundi_isevya
Mwalimu inategemea ukoo wa mashine. Maytag za zamani mota ikizunguka upande mmoja inafua, ikigeuka upande wa pili inakamua, na maji yanatoka huku pipa limeshaanza kuzunguka. Whirlpool zisizo na belti, zilizoanza miaka ya 1980, nazo zinageuza mota lakini zinamwaga kwanza pipa limetulia, mota inasimama kidogo, ikianza tena ndo pipa linazunguka. Kwa hiyo ya jirani ni nzima. Baada ya hapo inajaza upya kusuuza, inatikisa, inamwaga, inakamua mara ya mwisho, inajizima.

Mama wa Kigoma ajue pia kila kujaa ni lita 60 na zaidi, na inajaa mara mbili, na hizi haziwezi kupunguza kwa akili kama za sasa. Zamani kuna zilizokuwa na njia ya kutunza maji ya sabuni kwenye sinki pembeni na kuyavuta tena kwa nguo za pili. We fanya kwa mkono, mpira wa kutolea maji uelekeze kwenye pipa kubwa wakati wa kusuuza, hayo maji ya pili yafulie mzigo unaofuata. Ila ncha ya mpira iwe juu usawa wa mdomo wa mashine, ukiulaza chini maji yatajitoa yenyewe usiku kucha na mashine haitajaa kamwe.

mama_mashuka_kgm
Mzee ulikuwa ufa kwenye ncha ya juu, mdogo kama ukucha, pale mpira unapovaa kwenye swichi. Nimekata kama inchi moja nikarudishia, kichumba nimekiosha kimetoa utelezi mweusi. Nimefua mashuka sita, nikakaa kwenye ndoo nimeigeuza, nasikiliza kila tak mpaka mwisho, imejizima yenyewe. Kweli kufua kumezidi zile dakika zilizoandikwa kama alivyosema hezi50. Fundi wa taima nimempigia simu nikamwambia asiagize. Kesho natafuta kapampu, na mpira wa kutolea maji nimeufunga kwenye msumari usawa wa mdomo.