Ruzuku ya majiko banifu imetuacha na madeni ya kausha damu, Juni 30 ikipita ndo basi tena

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaficha, mwenye roho nyepesi anisamehe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 14, tuko huku Temeke, karibu wote mama ntilie na wauza maandazi na chapati. Kwa wasiojua hii kazi, mama ntilie wa wali na maharage anawasha mkaa saa kumi alfajiri na unakaa unawaka mpaka saa nane mchana. Mkaa ndo unaotula. Faida ya siku unaiona kabisa, alafu jioni unaipeleka kwa muuza mkaa.

Mei 2024 Rais alizindua ule mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sisi tulifurahi jamani, tena sana. Ndo tukasikia kuna mfuko unatoa ruzuku kwa vikundi vya mtaani vyenye miradi ya matumizi bora ya nishati (sitautaja jina, sitaki kikundi kikaja kuonewa mbele ya safari). Umeme kwa wengi wetu bado mgumu. Lile jiko la presha la umeme naliamini, kwangu maharage linaivisha kwa kama nusu uniti, na kwa tarifa ya kawaida buku moja ya LUKU inakupa uniti 2.8, kwahiyo hesabu inakubali kabisa, lakini mwenzangu anapika chini ya mwembe pembeni ya gereji, soketi aitoe wapi? Tukaona tuanze na majiko banifu makubwa, yale yanayokula mkaa kidogo, ya bati nene yenye udongo ndani.

Na hatukukurupuka. Kuna fundi hapa mtaani alitutengenezea moja la majaribio, akaja na futi yake akapima sufuria zetu, akachonga mdomo wa jiko kwa saizi hiyo. Tukaazima mzani wa muuza nyanya, tukapima mkaa siku kumi kwa jiko la zamani na siku kumi kwa jipya, wali uleule sufuria ileile. Kilo sita zikashuka mpaka nne kasoro. Yote yako kwenye daftari la kaunta, ninalo hapa mezani, limejaa alama za vidole vyenye masizi.

Tukapeleka maombi Septemba. Barua ya mtendaji, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye saini zote, TIN, akaunti ya benki, na andiko la mradi ambalo kijana wa steshenari alitutoza laki na nusu kutuandikia maana walitaka liwe kwa Kiingereza. Kimya. Oktoba kimya, Krismasi kimya, Ramadhani ikaja ikaisha kimya. Kila nikienda naambiwa mhusika yuko semina.

Juni 3 napigiwa simu, mmepita. Nikapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Alafu barua ndo ikaja na masharti, kwamba hela hatupewi mkononi, tununue majiko wenyewe kwanza, tupeleke risiti za EFD (zile za mashine ya TRA) kabla ya Juni 20, ndo turudishiwe. Miezi tisa walikaa na karatasi zetu sisi tukapewa siku 17!!

Sasa hapo kwenye EFD ndo pametuua. Fundi wetu hana mashine ya EFD, anafanyia kazi chini ya turubai, ana nyundo na mkasi wa bati. Kwake jiko moja ni 60,000. Dukani lenye risiti ni 115,000. Piga hesabu mwenyewe. Kwa fundi majiko 14 ni 840,000, na kikundi tulikuwa na 710,000, yaani tulipungukiwa 130,000 tu, tungechangishana tukamaliza siku ileile. Dukani ni 1,610,000, pengo laki tisa. Laki tisa mama ntilie anaitoa wapi ndani ya wiki mbili? Wenzetu watatu wakajitoa mhanga, kila mmoja akachukua laki tatu kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa kuamini serikali inarudisha ndani ya mwezi.

Risiti nikapeleka mwenyewe Juni 19. Juni 21 naambiwa moja imeandikwa jina la mwenyekiti badala ya jina la kikundi, ikarekebishwe. Nikarudi dukani, foleni, mwenye duka kasafiri, nikaipata Juni 24 jioni, asubuhi ya 25 niko mlangoni kwao. Jibu: mfumo umeshafungwa, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, ambazo hazijalipwa zinarudi Hazina, njooni Julai muombe upya na andiko jipya.

Nilikaa kwenye benchi la pale nje nikashindwa hata kusimama.

Leo hii wale watatu wanafuatwa kila Jumatatu, laki tatu inarudi laki tatu na elfu tisini kwa mwezi, ukichelewa inaongezeka. Mmoja wamembebea tivii na jagi la umeme mbele ya watoto wake. Na majiko yenyewe ya dukani, manne udongo umeshapasuka hata mwezi haujaisha, sufuria kubwa ikikaa inayumba, mwenzetu kamwaga maharage yote mchana wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

Jamani anayepanga haya masharti ameshawahi kumuona mama ntilie? Hii hela iliwekwa kwa ajili ya anayeunguza mkaa mwingi zaidi, na huyo ndo hana akiba ya kutanguliza. Mwenye milioni mbili za kutanguliza akasubiri kurudishiwa alishahamia kwenye gesi kitambo. Wangeweza kumlipa fundi moja kwa moja baada ya kuja kukagua jiko likiwa linawaka, wangeweza kutoa nusu kwanza. Na kama wanajua Juni 30 ni mwisho, kwanini jibu linatoka Juni?

Naombeni msaada. Kuna kikundi chochote hapa Dar kimewahi kukwamia kwenye kufunga mwaka na hela ikaja kutoka Julai bila kuomba upya? Mlimuona nani, mliandika barua kwenda wapi? Wenye uzoefu wa ukaguzi au sheria, hii barua ya Juni 3 ina nguvu yoyote? Jumatatu hao jamaa wanakuja tena na safari hii wamesema wanachukua friji, na hilo friji ndo la biashara.