Kwa nini mwenye rekodi ya dunia ya kisahani hajapata dhahabu ya dunia wala ya Olimpiki?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Ndugu wapenzi wa riadha, ninawasalimu.

Ninafundisha elimu ya viungo katika shule ya sekondari hapa Kadutu. Tangu fainali ya kurusha kisahani kwa wanaume katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo, Septemba 2025, wanafunzi wangu wakubwa wamegawanyika pande mbili nami sijaweza kuwapatanisha. Upande mmoja unashikilia kwamba Mykolas Alekna wa Lithuania ndiye mrushaji bora kuliko wote, kwa sababu rekodi ya dunia ni yake: mita 75.56, aliyoiweka Ramona, jimbo la Oklahoma, Marekani, tarehe 13 Aprili 2025. Upande wa pili unajibu kwamba bora ni yule anayeshinda siku ya kushinda, na siku hiyo alikuwa Daniel Ståhl wa Sweden, aliyerusha mita 70.47 katika jaribio lake la mwisho na kutwaa dhahabu, huku Alekna akibaki na fedha kwa mita 67.84. Shaba ilikwenda kwa Alex Rose wa Samoa, mita 66.96.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni ukubwa wa tofauti hiyo. Kati ya rekodi ya Alekna na alichorusha Tokyo kuna mita 7.72, yaani zaidi ya asilimia kumi. Mkimbiaji wa mita 100 mwenye sekunde 9.80 akija kwenye fainali na kukimbia sekunde 10.80, sote tungedhani ameumia mguu. Alekna hakuumia, na bado alipata medali. Najua kwamba mvua ilinyesha sana jioni ile, lakini je, mvua peke yake inaweza kumeza mita saba? Na wanaosema rekodi ya Ramona ni zawadi ya upepo, wana hoja au wana wivu? Naomba majibu yenye maelezo, kwa sababu nitayapeleka darasani.

Mrushaji wa zamani, Lubumbashi

Mwalimu, pokea salamu kutoka Lubumbashi. Nilirusha kisahani na tufe ujanani, na fainali ile niliitazama mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nitaanza na mvua.

Mrushaji anafanya kazi yake yote ndani ya duara la zege lenye kipenyo cha mita 2.50. Anaanza akiwa ameupa mgongo uwanja, anazunguka mara moja na nusu, na katika mzunguko huo mwili mzima unabebwa na mguu mmoja baada ya mwingine. Viatu vyake havina miiba. Nyayo ni laini, kwa makusudi, ili ziweze kuzunguka juu ya zege bila kukwama. Sasa mwaga maji juu ya zege hilo. Ulaini uleule unaomsaidia siku ya jua unakuwa adui wake, na mtu kama Ståhl, mwenye urefu wa takriban mita mbili na mwili mzito kwa kiasi hicho, akiteleza katikati ya mzunguko anaweza kuumia vibaya. Vidole navyo vina taabu yao. Kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2 na hakishikwi kwa kiganja. Kinalala juu ya viungo vya mwisho vya vidole tu, na kanuni haziruhusu glavu katika mchezo huu. Ndiyo maana katika mvua kisahani hupanguswa kwa taulo kila mara, na hata hivyo matone machache yanatosha kukifanya kiponyoke kabla ya wakati.

Hapo ndipo mita zako saba zilipopotelea, Mwalimu. Mrushaji anayeogopa kuteleza hupunguza kasi ya mzunguko, na umbali wa kisahani haupungui sawasawa na kasi: kwa kukadiria, umbali hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Ukipoteza asilimia tano ya kasi ya kuachia, unapoteza karibu asilimia kumi ya umbali. Mtazamaji aliyeketi jukwaani hawezi hata kuitambua asilimia tano hiyo kwa macho, lakini kwa mtu wa mita 75 inamshusha hadi karibu na 68.

Jambo la pili, ambalo vijana wengi hawalijui, ni kwamba fainali haina nafasi nyingi za kujaribu. Warushaji kumi na wawili hupewa majaribio matatu kila mmoja. Baada ya hapo walio mbele tu ndio wanaoongezewa mengine, yasiyozidi matatu. Ukikanyaga juu ya ukingo wa duara, ukigusa ardhi ya nje, ukitoka kabla kisahani hakijatua, ukitokea nusu ya mbele, au kisahani kikianguka nje ya mistari ya pembe ya nyuzi 34.92, jaribio ni batili. Kwa hiyo mrushaji mwenye busara kwanza hutafuta jaribio moja halali la kumweka salama, halafu ndipo anapothubutu. Ståhl ana kipaji cha pekee cha kuthubutu mwishoni. Katika Mashindano ya Dunia ya Budapest mwaka 2023, Kristjan Čeh wa Slovenia alimpita katika raundi ya sita kwa mita 70.02, na Ståhl, akiwa na jaribio moja tu lililobaki, akajibu kwa mita 71.46, ambayo ilikuwa rekodi ya mashindano hayo. Alichokifanya Tokyo katika mvua ni jambo hilohilo, tena ndani ya uwanja uleule alioshindia Olimpiki mwaka 2021 kwa mita 68.90. Siamini kwamba ni bahati. Mtu anayefanya hivyo mara mbili mbele ya dunia nzima amejifunza jinsi ya kuituliza nafsi yake.

Waambie pia wanafunzi wako habari za Mexico 1968. Jay Silvester wa Marekani alikwenda kule akiwa na rekodi ya dunia ya mita 68.40, na alimaliza wa tano. Aliyeshinda ni Al Oerter, Mmarekani mwenzake, kwa mita 64.78. Ilikuwa dhahabu yake ya nne mfululizo ya Olimpiki, baada ya 1956, 1960 na 1964. Mjadala wa darasa lako, Mwalimu, umekuwapo tangu zamani.

Mhandisi, Goma

Namshukuru mzee wetu wa Lubumbashi kwa maelezo ya duara. Mimi nitajibu kuhusu upepo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea kwa kufikiri kwamba upepo unaosaidia ni ule unaotoka nyuma.

Kisahani ni chombo kinachopaa. Kikiwa kimeinamishwa vizuri na kinazunguka kwa kasi, mzunguko unakifanya kitulie bila kupinduka, na hewa inayopita chini na juu yake inakiinua, jinsi inavyoliinua bawa la ndege. Upepo ukivuma kutoka mbele, hewa inapita kwa kasi kubwa zaidi na nguvu ya kuinua inaongezeka. Ukinzani pia unaongezeka, lakini kwa upepo wa kadiri, faida ya kuinuliwa huwa kubwa kuliko hasara ya kuzuiwa. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, upepo mzuri kuliko wote ni ule unaotoka mbele kwa upande wa kulia. Kwa upepo wa namna hiyo mrushaji hodari huongeza mita kadhaa bila kuongeza nguvu yoyote, ilimradi ajue kukiachia kisahani chini kidogo kuliko kawaida.

Sasa linganisheni kanuni. Katika mbio za hadi mita 200, na katika kuruka chini na miruko mitatu, upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde rekodi haikubaliwi. Katika kisahani hakuna kipimo chochote cha namna hiyo. Kwa hiyo rekodi ya Alekna ni halali kabisa, na anayeiita ya wizi anamkosea kijana wa watu. Lakini si haki pia kuilinganisha moja kwa moja na umbali wa ndani ya uwanja mkubwa. Ramona ni mahali pa wazi, palipotayarishwa kwa ajili ya warushaji, penye upepo wa nyanda za Oklahoma. Uwanja wa Tokyo au wa Paris umezungukwa na majukwaa marefu yanayouzuia upepo au kuuvuruga. Ushahidi uko katika siku ileile ya Aprili 2025: Alekna alirusha mita 74.89 kisha 75.56, na Matthew Denny wa Australia akarusha mita 74.78 mahali palepale. Yaani watu wawili, katika siku moja, waliipita rekodi ya 74.08 ya Jürgen Schult ambayo ilikuwa imedumu tangu 1986 hadi Alekna mwenyewe alipoivunja kwa mita 74.35, Ramona vilevile, mwezi wa Aprili 2024. Ningependa siku moja upepo upimwe na kuandikwa pembeni ya matokeo ya kisahani, hata kama hautatumika kubatilisha rekodi, ili msomaji ajue anachokilinganisha.

Dada wa Ibanda, Bukavu

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini nahisi Alekna anahukumiwa kama mtu aliyeshindwa. Hebu tuitazame kazi yake. Amezaliwa mwaka 2002. Alipata fedha ya dunia Eugene 2022, akawa bingwa wa Ulaya Munich mwaka huohuo akiwa na miaka 19, akapata shaba ya dunia Budapest 2023, fedha ya Olimpiki Paris 2024, na fedha ya dunia Tokyo 2025. Mtu anayepanda jukwaani kila mwaka hategemei upepo. Na pale Ramona mwaka 2024 majaribio yake yote sita yalivuka mita 70.

Fainali ya Paris inaniuma mpaka leo, ingawa simlaumu mtu yeyote. Baba yake, Virgilijus Alekna, alikuwa ameshikilia rekodi ya Olimpiki ya mita 69.89 tangu Athens 2004. Katika raundi ya pili mwana akarusha mita 69.97, akampita baba yake mwenyewe. Rekodi hiyo haikumaliza hata jioni moja, kwa sababu katika raundi ya nne Roje Stona wa Jamaika alirusha mita 70.00, umbali ambao hakuwahi kuufikia maishani mwake. Sentimita tatu, kwa kisahani chenye upana wa sentimita 22! Na lazima niseme kwamba nilifurahi kwa ajili ya Stona, maana nchi tuliyoizoea kwa mbio fupi ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika michezo ya kurusha. Denny alipata shaba kwa mita 69.31. Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu kwa wanafunzi wako ni kwamba Paris hapakuwa na mvua ile, na bado rekodi ya dunia haikumtosha Alekna, kwa sababu mwenzake alikuwa na siku ya maisha yake. Hilo halimpunguzii Alekna kitu. Schult naye alikuwa na rekodi ya dunia na akawa bingwa wa Olimpiki mwaka 1988. Kwa hiyo mambo hayo mawili yanaweza kukutana, na kijana huyu bado ana miaka mingi mbele yake.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Nawashukuru nyote, na wewe Dada wa Ibanda umenigusa; nitaisoma habari ya Paris mbele ya darasa zima. Sasa nina swali la nyongeza. Baada ya mjadala huu vijana kadhaa, wavulana na wasichana, wameniomba tuanze kurusha. Mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: je, hewa nyepesi ya huku ni faida kwetu? Na msimu wa mvua umeshaingia. Nianze vipi bila uwanja wa kisasa?

Mhandisi, Goma

Kuhusu hewa, Mwalimu, usiwape matumaini hayo. Mkimbiaji wa mbio fupi hufaidika na hewa nyepesi kwa sababu kwake hewa ni kizuizi tu, lakini kisahani kinaitegemea hewa hiyohiyo ili kiinuliwe, na hewa ikiwa nyepesi nguvu ya kuinua inapungua. Tofauti ni ndogo, ila haiko upande wenu. Pepo za ziwani zitawasaidia zaidi kuliko milima.

Mrushaji wa zamani, Lubumbashi

Mwalimu, usianze na kilo 2. Uzito huo ni wa wanaume wazima. Vijana wa chini ya miaka 18 hutumia kilo 1.5, na wasichana kilo 1. Fundi seremala mzuri anaweza kukutengenezea visahani vya mbao ngumu vyenye ukingo wa chuma. Hata ukikosa hivyo, wafundishe kwanza kurusha wakiwa wamesimama, bila kuzunguka, mpaka kila mmoja aweze kukiachia kisahani kikitoka mwishoni kwenye kidole cha shahada na kuruka bila kuyumba. Asiyeweza hilo akisimama hataliweza akizunguka.

Kuhusu mvua, usiruhusu mzunguko kwenye zege lililolowa. Mabingwa wa Tokyo walikuwa na watu wa kukausha duara na madaktari pembeni; wewe huna. Siku za mvua fanyeni mazoezi ya miguu darasani au chini ya paa, bila kisahani.

Na kwa kuwa huna wavu wa kukinga, hili ndilo ninalokuomba ulisimamie mwenyewe: wote wasiorusha wasimame nyuma ya mrushaji, mbali, wala si pembeni. Mwenye mkono wa kulia akiachia mapema kisahani kinakwenda kulia, akichelewa kinakwenda kushoto, na anayeanza hufanya makosa yote mawili katika saa moja. Hakuna anayekwenda kuokota kisahani mpaka vyote viwe vimetua na wewe umetoa ruhusa. Uwanja ukiwa na mteremko, kama ninavyoukumbuka mji wenu, rusheni kuelekea juu, ili kisahani kisije kikabingiria hadi barabarani.