Mrejesho: Lenzi ya kupigia ndege, nimechukua 150-600

Wakuu, habari za siku. Miezi mitatu iliyopita niliuliza humu kama kwa ndege nichukue lenzi ya 100-400 au 150-600 (ni milimita; namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Asanteni sana kwa majibu, yamenisaidia mno.

Nimechukua Sigma 150-600, mtumba lakini safi. Ina karibu kilo 2, na ushauri wa kununua monopodi (stendi ya mguu mmoja) ulikuwa wa maana, maana bila hiyo mkono unachoka ndani ya dakika kumi.

Juzi asubuhi nilikuwa Ziwa Duluti, karibu na Arusha. Mdiria alitua kwenye tete, samaki bado anapapatika mdomoni. Nikaweka shata 1/2000 ya sekunde kama mlivyonielekeza, fokasi ya kumfuatilia ndege akisogea, nukta ya fokasi kwenye jicho. Hadi matone ya maji yanayodondoka yameonekana! Nilibaki naitazama ile picha muda mrefu.

Kwa furukombe (tai mla samaki) nimefeli. Alfajiri ya siku hiyo mwanga ulikuwa bado hafifu, na kwenye 600 tundu la lenzi la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/6.3, hivyo ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga) ilipanda mpaka 6400, picha ikajaa chengachenga. Nikamrudia mchana, akiwa mbali ng'ambo ya ziwa, joto likafanya hewa ichezecheze juu ya maji na picha zote zikatoka laini, hazina ukali. Hapo hata tripodi haisaidii. Dawa ni kumpiga ndege akiwa karibu, saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi.

Aliyesema nisubiri ndege aje badala ya kumfuata, Mungu akubariki. Yule mdiria nilimpata hivyo.