Timu iwe ya mmoja au ya wengi? Gumzo la kikundi cha majirani, Moshi

Katibu: Ndugu majirani, habari za jioni. Kama wengi mlivyosikia baada ya mazoezi ya jana, kuna mfanyabiashara wa jumla aliye tayari kuilipia timu yetu jezi, viatu na ada ya ligi ya wilaya, kwa sharti kwamba yeye aandikwe mmiliki na timu ichukue jina la biashara yake. Naomba tulijadili jambo hili hapa kwa utulivu kabla ya kikao cha Jumapili, na picha za harusi zisubiri.

Kocha: Mimi nasema tupokee. Vijana wanafanya mazoezi kwa mipira miwili, na mmoja umeshonwa kwa uzi wa viatu mpaka ukipigwa unakwenda upande unaoutaka wenyewe. Mwenye njaa hachagui sahani.

Mama Upendo (Mweka Hazina): Kocha, hali ya mipira naijua kwa sababu fedha ya kuinunua ndiyo ninayoitafuta kila mwezi. Swali langu ni dogo: akichoka huyo bwana mwakani, jina la timu tunalirudisha kwa nani?

Mwalimu Mstaafu: Swali la Mama Upendo ndilo lenyewe. Naomba niwaeleze habari za Eibar, mji mdogo wa wakazi wapatao 27,000 huko Hispania, katika nchi ya Wabaski, uliobanwa kwenye bonde jembamba kati ya Bilbao na San Sebastián. Ni mji wa mafundi: walitengeneza bunduki kwa karne nyingi, ndiyo maana timu yao hadi leo inaitwa ya wafua silaha, kisha viwanda vikageukia baiskeli na cherehani. Mabomu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yaliubomoa sana mwaka 1937, na mwaka 1940, wakati watu bado wanajenga upya nyumba zao, timu mbili za mji ziliunganishwa ikazaliwa SD Eibar. Uwanja wao, Ipurua, ulifunguliwa mwaka 1947, na umezungukwa na maghorofa ya makazi kiasi kwamba mtu anaweza kutazama mechi akiwa ameegemea ukingo wa baraza yake huku nguo zake zikikauka pembeni.

Dada wa Duka la Kona: Shikamoo Mwalimu. Sasa hao wa barazani wanalipa kiingilio?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba mwanangu. Hawalipi, na sijasikia kwamba kuna aliyewafukuza.

Kocha: Mwalimu, pamoja na heshima zote, hiyo ni Hispania. Timu yao ilikuwa Ligi Kuu, yetu inacheza na kina mama wanapita katikati ya uwanja na ndoo.

Mwalimu Mstaafu: Ilifika Ligi Kuu mwaka 2014, Kocha, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Kabla ya hapo ilikaa Daraja la Pili kuanzia 1988 hadi 2006, ikawa mahali ambapo klabu kubwa zinapeleka vijana wao kwa mkopo wakakomae: Xabi Alonso alipita pale, na David Silva pia, wote wawili wakaja kuwa nyota wa Hispania. Mwaka 2012, ikiwa imeshuka hadi daraja la tatu, iliitoa Athletic Bilbao ya Ligi Kuu katika Kombe la Mfalme. Mwaka uliofuata ikapanda, na msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa wa Daraja la Pili papo hapo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na ndilo ninalotaka mlisome taratibu. Klabu haikuwa na deni lolote, lakini sheria ya Hispania ilitaka kila klabu ya kulipwa iwe na mtaji unaokokotolewa kwa kuangalia matumizi ya klabu nyingine za daraja lake. Kwa hiyo Eibar, iliyokuwa ikitumia kidogo na kulipa kwa wakati, iliambiwa itafute euro 1,724,272 za ziada kabla ya tarehe 6 Agosti 2014, la sivyo ingeshushwa daraja wakati imetoka kuchukua kombe. Ilikuwa ikiadhibiwa, kwa maneno mengine, kwa sababu wenzake walikuwa wabadhirifu.

Mama Upendo (Mweka Hazina): Mungu wangu. Wakamwita tajiri?

Mwalimu Mstaafu: Wangeweza, na angepatikana siku hiyo hiyo. Badala yake waliuza hisa kwa yeyote, kuanzia euro 50, na wakaweka kikomo kwamba mtu mmoja asinunue zaidi ya euro 100,000, ili pasitokee wa kuimeza klabu. Alonso na Silva waliwasaidia kueneza habari. Maelfu ya watu kutoka nchi zaidi ya hamsini walinunua, wengi wao hawajawahi kuliona bonde lile, na fedha ikatimia kabla ya muda. Tarehe 24 Agosti walicheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu pale pale Ipurua, wakaifunga Real Sociedad bao 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Javi Lara.

Mjomba wa Pasua: Mwalimu anazungumza kama aliyezaliwa ushirikani.

Mwalimu Mstaafu: Nimesomeshwa kwa kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, kwa hiyo sikatai. Hata kule Eibar, mafundi wa bunduki waliunda ushirika wao wa Alfa mwaka 1920, ndio waliokuja kutengeneza cherehani. Watu waliokwisha kumiliki kiwanda kwa pamoja hawashangai kumiliki timu.

Mjomba wa Pasua: Basi nami nikukumbushe kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa uamuzi wa serikali, na wingi wetu haukutusaidia kitu. Mali ya wengi nayo hupata mwenyewe, mkilala.

Kocha: Asante Mjomba. Na mfano wa nyumbani upo: Namungo ya Ruangwa, mji mdogo kule Lindi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilibebwa na wenye uwezo, na hakuna mtu wa Ruangwa aliyelalamika. Hao Eibar wako wapi leo?

Mwalimu Mstaafu: Walishuka mwaka 2021, baada ya misimu saba. Katika misimu hiyo waliwahi kumaliza nafasi ya 9, na Novemba 2018 wakaifunga Real Madrid 3-0. Msimu wa kwanza walimaliza ndani ya nafasi za kushuka, wakaokolewa kwa sababu klabu nyingine, Elche, ilishushwa kwa madeni ya kodi. Walipokuja kushuka kweli, klabu ilibaki yao na haikuuzwa. Namungo siipingi, ninachouliza ni aliyeandikwa kwenye cheti.

Mama Upendo (Mweka Hazina): Mimi ninayo kaunta buku yetu hapa mezani. Kurasa za kwanza zina majina ya waliochanga mipira ya kwanza, mengine kwa wino uliokwisha kufifia, na marehemu watatu wamo. Napendekeza tuuze hisa kwa shilingi elfu mbili, mtu mmoja asizidi hisa hamsini, na kila hisa iandikwe humu na kupewa risiti. Huyo mfanyabiashara naye anunue mpaka kikomo, na tangazo la duka lake likae kifuani mwa jezi kwa msimu mmoja kwa mkataba ulioandikwa. Jina la timu haliuzwi.

Kocha: Na mipira?

Mama Upendo (Mweka Hazina): Hisa ishirini za kwanza ni mpira mmoja, Kocha. Anza wewe na mbili.

Kocha: Nitatuma kesho asubuhi. Msiandike jina langu kwa kalamu ya kufifia.

Katibu: Pendekezo la Mama Upendo nimeliingiza kwenye ajenda ya Jumapili, saa kumi jioni, uwanjani. Mfanyabiashara nimekwisha kumpigia; amekubali kuja, ila amesema kikomo cha hisa hamsini ni kidogo mno kwake.

Mjomba wa Pasua: Ndiyo maana kimewekwa.