Neno "Inapakia…" halionekani hadi kazi iishe

kodi_ya_jioni: Wakuu, nina elementi maalum `<orodha-bei>`. Kwenye `connectedCallback` (inayoitwa elementi ikiwekwa kwenye ukurasa) naandika "Inapakia…" ndani ya shadow root (mti wake wa ndani), kisha naita `jengaMistari()` inayotengeneza mistari 3,000. Neno halitokei kabisa: skrini inaganda, halafu orodha inaibuka nzima. Nimeihamishia kazi kwenye `Promise.resolve().then()`, kisha kwenye `requestAnimationFrame`. Hali ni ileile.

fremu60: Zote mbili zinatangulia uchoraji, mkuu. Kazi za Promise huingia foleni ya maikrotaski (kazi ndogo zinazofuata papo hapo kodi ya sasa ikiisha), na kivinjari hakichori chochote mpaka foleni hiyo iishe. `requestAnimationFrame` nayo huitwa kabla ya kukokotoa staili na mpangilio, kwa hiyo unaiziba fremu ileile iliyotakiwa kuonyesha neno. Ziunganishe hivi:

`requestAnimationFrame(() => setTimeout(() => this.jengaMistari()));`

`setTimeout` inafungua kazi mpya, ambayo kwa kawaida hufika fremu ikishachorwa. Angalizo: tabu ikiwa imefichwa, `requestAnimationFrame` haiitwi, basi `fetch` ya data usiiweke humo.

mpangilio_kwanza: Neno litaonekana, ila kuganda kuko palepale. Skrini ya 60Hz inakupa milisekunde 16.7 tu kwa fremu, na kivinjari nacho kinataka fungu lake. Jenga kwa mafungu ndani ya `DocumentFragment` (kishikio cha elementi ambazo bado haziko kwenye ukurasa), ukipima kwa `performance.now()`. Zikipita kama milisekunde 8, bandika fungu na upishe kwa `await scheduler.yield()`, kivinjari kisichokuwa nayo, tumia `setTimeout`. Na tafadhali usisome `offsetHeight` (urefu wa elementi) katikati ya kuandika, maana kila usomaji wa namna hiyo unalazimisha mpangilio ukokotolewe upya papo hapo. Vipimo viachie `ResizeObserver` (inayofuatilia ukubwa wa elementi ukibadilika), inayoitwa baada ya mpangilio na kabla ya kuchora.

fremu60: Sawa kabisa. Ukishaweka `await` lakini, kuna mtego: elementi ikihamishwa kwa `append`, `disconnectedCallback` (ya elementi kuondolewa) na `connectedCallback` huitwa zote, na unabaki na mizunguko miwili inayojaza orodha moja. Kukagua `isConnected` hakusaidii, kwani elementi imesharudi. Weka namba ya zamu:

`const zamu = ++this.zamu;`

Kila baada ya `await`:

`if (zamu !== this.zamu) return;`

Anza na `zamu = 0` kwenye klasi, na uiongeze pia ndani ya `disconnectedCallback`.

kodi_ya_jioni: Na kwenye Lit (maktaba ya kutengenezea elementi maalum), `await this.updateComplete` inatosha?

mpangilio_kwanza: Hapana. Inakuhakikishia DOM (mti wa elementi za ukurasa) imesasishwa, siyo kwamba imechorwa. Baada yake bado unahitaji ule mstari wa kwanza wa fremu60.