Tumenunua kampuni ya programu za SACCOS, mkaguzi anakuja mwezi ujao na gudiwili hainiingii akilini. Naomba ushauri

MhasibuWaZamu
Wakuu, habari za leo. Ni mhasibu kwenye kampuni ya programu za hesabu na mishahara hapa Dar. Tarehe 1 Machi mwaka jana tulinunua hisa zote za kampuni ndogo ya Arusha yenye programu ya SACCOS. Tunafunga mwaka Desemba. Sijawahi kuandika ununuzi wa kampuni maishani mwangu. Mfano wa chuoni ulikuwa wa kiwanda cha saruji na malori yake, hawa wana kompyuta 14 na vijana.

Bei ya mkataba ni shilingi bilioni 1.2. Milioni 800 tulilipa siku ya kukabidhiana. Milioni 250 tutalipa iwapo SACCOS zinazotumia programu zitafika 600 ndani ya miezi 12 (siku ile zilikuwa 410, leo 547). Milioni 150 ni za mwanzilishi, anapewa akimaliza nasi miaka miwili. Wanasheria na waliokagua vitabu kabla ya kununua walitukamua milioni 38. Mizania yao ilikuwa na mali halisi (mali toa madeni) ya milioni 190. Programu yenyewe haimo kabisa, mishahara ya walioiandika waliipeleka kwenye matumizi.

Mwenzangu aliyeacha kazi katuachia karatasi ya Excel: 1,200 jumlisha 38 toa 190, gudiwili (ile bei inayozidi thamani ya mali halisi unayopata) milioni 1,048. Bosi kaipenda. Mimi roho inasita.

Kibubu77
Excel ya mtu aliyeacha kazi ni mirathi ya madeni. Pole.

MamaLeja
Kabla watu hawajakurushia namba, mdogo wangu: mnatumia IFRS (viwango vya kimataifa vya hesabu) kamili au ile ya kampuni ndogo na za kati? Na unauliza vitabu vya kampuni yenu peke yake au hesabu jumuishi, zenu na za hao mlionunua kwa pamoja? Majibu hayafanani. Kwenye vitabu vyenu wenyewe ununuzi unakaa kama uwekezaji kwa gharama, na zile 38 zinaweza kuingia humo. Kwenye hesabu jumuishi haziingii.

MhasibuWaZamu
Shikamoo mama. IFRS kamili, benki inayotukopesha inataka hivyo. Shida yangu ni hesabu jumuishi. Mthamini ametupa ripoti: programu milioni 240, uhusiano na wateja milioni 120, na ile ahadi ya 250 akaipa thamani ya haki (yaani thamani yake sokoni) ya milioni 160 kwa siku ya ununuzi.

MamaLeja
Marahaba. Kama mna mthamini, kazi imepungua nusu.

DebitiKushoto
Basi karatasi ile weka pembeni, anza na IFRS 3, kiwango cha ununuzi wa kampuni. Swali la kwanza: ulilipa nini *kwa ajili ya kampuni*? Taslimu 800. Ahadi unaiweka kwa thamani ya haki ya siku ile, 160, hata kama hujui utailipa. Jumla 960. Za wanasheria, 38, ni matumizi ya mwaka. Za mwanzilishi ziache kwanza, nitarudi.

Swali la pili: ulipata nini? 190 za mizania, ongeza 240 za programu na 120 za wateja, ni 550. Kwamba wao hawakuiandika programu haikuhusu. Wewe umeinunua, unaiandika. Gudiwili ni 960 toa 550, yaani 410.

MamaLeja
DebitiKushoto, umesahau kodi. Hizo 360 mpya zipo kwenye hesabu jumuishi tu, TRA haizitambui. Kwa kiwango cha asilimia 30 kuna kodi iliyoahirishwa (ya kuja baadaye) ya milioni 108, nayo ni dhima. Mali halisi ni 442, gudiwili 518. Nimeona wakaguzi wakirudisha hesabu nzima kwa kosa hili moja.

DebitiKushoto
Nimekubali, 518. Asante mama, leo umeniokoa hadharani.

Sasa mwanzilishi. Nenda kwenye mkataba: akiacha kazi mwezi wa sita, zile 150 anazipoteza? Kama anazipoteza, hayo si malipo ya hisa, ni mshahara, hata wanasheria waandike "sehemu ya bei" kwa wino wa dhahabu. Intuit, Wamarekani wenye programu ya hesabu ya QuickBooks, waliponunua Mailchimp, kampuni ya barua pepe za matangazo, mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12, humo walihesabu kama dola milioni 300 za bonasi za wafanyakazi kwa njia ya hisa. Zile walitangaza kuzipeleka kwenye matumizi kwa miaka mitatu. Wakubwa nao wanatangaza bei moja na kuandika nyingine.

Kibubu77
Na Credit Karma, kampuni nyingine ambayo Intuit waliinunua? Walitangaza dola bilioni 7.1.

DebitiKushoto
Februari 2020, ndiyo. Walipokamilisha Desemba ilikuwa kama bilioni 8.1. Sehemu kubwa ililipwa kwa hisa za Intuit, na hisa zilikuwa zimepanda. Bei unaipima siku unayoshika usukani, siku ya kupeana mikono mbele ya kamera haihesabiki. Kwa MhasibuWaZamu haina shida, kalipa taslimu.

Mzee_wa_Mizania
Wamefika 547, ahadi italipwa hiyo. Si rahisi kuongeza gudiwili tu? IFRS 3 inatupa miezi 12 ya kurekebisha.

MamaLeja
Hapana, kaka. Ile miezi 12 ni ya kugundua jambo lililokuwapo siku ya ununuzi ila hukulijua. SACCOS iliyojiunga Oktoba haikuwapo Machi. Ahadi ya kulipa taslimu inapimwa upya tarehe 31 Desemba, na ongezeko linakwenda faida na hasara. Ndiyo, programu ikiuza vizuri unaandika hasara. Bosi atalalamika.

Na wewe mdogo wangu, angalia ada za mwaka walizokuwa wamelipwa kabla. Chini ya IFRS 3 zinapimwa kwa thamani ya haki, na mara nyingi zinapungua. Wamarekani waliachana na hilo kwenye kanuni zao Oktoba 2021, kwa hiyo usinakili mfano wa kampuni ya kule bila kuangalia.

MhasibuWaZamu
Nimerudi. Kifungu cha 7: mwanzilishi akiondoka kwa hiari anapoteza zote.

DebitiKushoto
Mshahara. Milioni 6.25 kila mwezi, kuanzia Machi.

MhasibuWaZamu
Nimempelekea bosi. Aliuliza kitu kimoja tu: faida ya mwaka inashuka kiasi gani? Nikamwambia 38 za wanasheria, 62.5 za mwanzilishi kwa miezi kumi, uchakavu wa programu 40 kwa miaka mitano, wa wateja 12.5 kwa miaka minane. Jumla 153, kodi iliyoahirishwa inarudisha 15.75. Na zile 250 hatujazigusa.

Kaomba nimwachie karatasi, kafunga mlango. Kesho nawapa mrejesho.